Je, wasiwasi wangu ndio unaozuia mimba?

Swali: "Shikamoo dada. Nina miaka 29, naishi Makorora hapa Tanga, nyumbani kwa wakwe. Ndoa yetu ina miaka miwili. Nilikuwa nachoma sindano ya uzazi wa mpango, ya mwisho nilichoma mwezi wa nane mwaka jana, sikurudi tena kwa kuwa tulitaka mtoto. Siku zangu zilipotea, zikarudi mwezi wa pili, wa tatu sikuona, na tangu mwezi wa nne naona kila baada ya siku 29 mpaka 32. Mume wangu ni dereva wa lori, anabeba saruji kupeleka Moshi na Arusha, hulala njiani. Nina programu kwenye simu inayonionyesha siku za hatari, zikifika nampigia arudi. Mara ya mwisho alirudi usiku akashindwa, nikalia, naye akakasirika. Siku zangu zikikaribia silali, moyo unaenda mbio, napima mkojo hata mara tatu kabla ya tarehe. Wifi yangu aliyeolewa nyuma yangu ana mimba ya miezi mitano. Mama mkwe kaniletea dawa ya chango na kanikataza baiskeli, anasema inatikisa kizazi. Nasali, naomba dua, lakini kila mtu ananiambia 'acha mawazo, utashika'. Sasa naogopa kwamba mawazo yangu ndiyo yanayozuia. Nifanyeje?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu.

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalokunyima usingizi kuliko mengine yote. Hapana, hofu yako si kufuli kwenye kizazi. Jambo hili limechunguzwa kwa wanawake walio katika hali ngumu kuliko yako, waliokuwa wakipandikizwa mimba hospitalini. Mwaka 2011 watafiti walikusanya tafiti 14 zenye wanawake 3,583, wakalinganisha waliokuwa na wasiwasi na huzuni kubwa kabla ya matibabu na wale waliokuwa wametulia. Walioshika mimba na walioikosa hawakutofautiana kwa sababu ya hofu waliyoingia nayo. Wengine walipanda kitanda wakitetemeka na wakabeba.

Ukweli una upande wake wa pili, nami siufichi. Mwili ukibanwa mno, mtu akaacha kula, akakonda sana, au akafanya mazoezi ya kupindukia, ubongo huweza kuzima ile amri inayolipevusha yai. Lakini hilo likitokea utaliona: siku zinakatika. Wewe zako ndiyo kwanza zinarudi, na tangu mwezi wa nne zinakuja kwa mpangilio mzuri kabisa. Mwili wako unafanya kazi huku wewe ukiwa na hofu.

Kwa hiyo wanaokuambia "acha mawazo, utashika" wanakutakia heri, ila ushauri wao ni mbovu. Kwanza hakuna aliyewahi kuacha mawazo kwa kuamriwa. Pili, wanakutwisha mzigo kisha wanakuambia umejitwisha mwenyewe. Kila mwezi damu ikija unaomboleza mara mbili, kwa mtoto ambaye hakuja na kwa kosa ambalo hukulifanya. Mawazo yako yanastahili kutibiwa kwa sababu yanakuumiza. Hiyo ni sababu tosha, hata kama hayana uhusiano wowote na mimba.

Sasa tuje kwenye sindano, kwa sababu nahisi hapo ndipo hesabu yako ilipopinda. Ile sindano ya miezi mitatu ni njia nzuri na haiharibu kizazi, lakini ina tabia yake: haitoki mwilini siku ile muda wake unapokwisha. Vidonge ukiviacha, kitanzi kikitolewa, kijiti kikitolewa, uwezo wa kushika hurudi mapema. Sindano hukawia. Kwa wastani mwanamke hushika mimba kama miezi 10 baada ya sindano ya mwisho, na huo ni wastani tu, wapo wanaochukua mwaka na nusu wakiwa wazima kabisa. Wewe ulichoma mwezi wa nane, sasa ni mwezi wa sita. Miezi 10 ndiyo inatimia. Mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, wakati ulipokuwa ukilia kwa kuona mstari mmoja, siku zako zilikuwa bado hazijarudi, na inaelekea sana kwamba yai lilikuwa halitoki. Ulikuwa unangoja basi ambalo halijaondoka stendi.

Laiti yule aliyekuchoma angekuambia haya mapema. Wengi hawaambiwi, au huambiwa haraka haraka dirishani.

Na hapa nina swali ambalo barua yako haikulijibu: wakwe wanajua kwamba ulikuwa unachoma? Wanawake wengi hapa pwani huchoma kimyakimya, wengine hata mume hajui. Kama mama mkwe hajui, basi kwa hesabu yake amengoja mjukuu miaka miwili, na dawa ya chango ni huruma yake kwa mkwe anayemwona mgonjwa. Nyinyi mnahesabu miezi, yeye anahesabu miaka. Nitalirudia hili nikifika kwake.

Hata baada ya sindano kuisha kabisa, mambo si mepesi kama tulivyofundishwa shuleni, ambako tulitishwa kwamba usiku mmoja unatosha. Wenza wazima wa umri wako, wakikutana vizuri, katika mwezi mmoja hupata nafasi kama moja kati ya nne au tano. Ndani ya mwaka, zaidi ya wanane kati ya kumi huwa wameshika, na katika wale waliobaki, kama nusu hushika mwaka wa pili bila dawa yoyote. Maana yake ni kwamba mwezi wa kukosa ndio mwezi wa kawaida. Damu ikija haijatoa hukumu. Imesema tu mwezi huu hapana.

Kuhusu programu ya simu. Inakupa tarehe na rangi nzuri, lakini haioni yai. Inachukua tarehe ulizoijazia, inapiga wastani, inakisia. Kwa mwanamke ambaye sindano bado inamtoka mwilini, makisio hayo yana thamani ndogo sana. Hata kwa wenye mizunguko iliyotulia hukosea: watafiti wa Marekani waliowafuatilia wanawake 221 kwa mkojo wa kila siku walikuta siku za hatari ni sita, zinazoishia siku yenyewe yai linapotoka, na tarehe za siku hizo sita huhamahama kuliko tulivyodhani. Ni wanawake wachache tu, kama 3 kati ya 10, ambao siku zao zote sita ziliangukia kati ya siku ya 10 na ya 17 ya mzunguko.

Katika hizo sita kuna habari njema kwa mke wa dereva. Yai likitoka huishi chini ya siku moja, lakini mbegu za mume huweza kungoja ndani yako mpaka siku tano. Kwa hiyo huhitaji kumwita kutoka Himo usiku wa manane eti leo ndiyo leo. Siku anazokuwa nyumbani, kutaneni kila baada ya siku mbili au tatu, kwa raha zenu, bila kuuliza tarehe. Akisafiri siku tatu akarudi, pengo hilo si kubwa, mbegu zilizotangulia huenda bado ziko kazini. Wala asijiwekee akiba. Kukaa wiki nzima bila kukutana ili "zijae" hakusaidii, mbegu zilizokaa sana huchoka. Usipoweza kuiacha simu kabisa, ibakize kazi moja: kuandika siku damu ilipoanza. Zima kengele zake na utabiri wake. Ishara ya mwili wako ni bora kuliko ya simu. Ukiona ute mwepesi unaovutika, unaoteleza kama ute mbichi wa yai la kuku, siku hizo ndizo.

Na ule usiku aliposhindwa. Mdogo wangu, nimesikia kisa hicho kutoka kwa wake wengi na kutoka kwa waume wachache, kwani wao hukisema wakiwa wameshafika mlangoni wanaondoka. Mtu ameendesha lori tangu alfajiri, ameteremka na barabara ya Korogwe na Muheza katikati ya malori mengine, anafika saa sita usiku anakuta mke amekaa kitandani na simu mkononi anamwambia harakisha, siku inaisha. Mwili wa mwanamume haufanyi kazi kwa agizo. Wasiwasi ule ule unaoupeleka moyo wako mbio ndio unaorudisha damu yake nyuma. Akishindwa mara moja, mara ya pili anaingia chumbani akiwa na hofu ya kushindwa, na hofu inamshindisha. Hapa ndipo mawazo yanapoweza kweli kuchelewesha mimba. Hayafungi kizazi, ila mnaanza kukwepana, na mwezi unapita mmekutana mara moja kwa machozi.

Mwambie mchana, si kitandani: "Sikukuita ile siku kama mume, nilikuita kama kazi. Nisamehe." Kisha miezi miwili hii usimtajie tarehe hata kidogo. Ikiwa anashindwa hata siku ambazo hakuna shinikizo, na asubuhi pia hakuna dalili, basi apime kisukari na presha, maana dalili hiyo wakati mwingine hutangulia maradhi hayo. Wala usikimbilie kuwaza ana mwingine huko Boma Ng'ombe.

Tuingie sasa kwenye zile wiki mbili za mwisho, ambazo kwako ndizo jehanamu. Ni wakati mgumu kwa kuwa mwili wenyewe unadanganya. Yai likishatoka, uwe umeshika au hukushika, homoni moja hupanda, projesteroni, nayo huleta matiti kuuma, tumbo kujaa, uchovu, kichefuchefu kidogo, hasira za bure. Ndizo dalili hizo hizo za mimba changa. Kwa hiyo kujipapasa matiti kila asubuhi hakukupi habari yoyote, kunakupa hofu tu. Mimba ikitunga hujishikiza kwenye ukuta wa kizazi kwa kawaida siku ya 8 mpaka ya 10 baada ya yai kutoka, na homoni ambayo kipimo cha mkojo huisoma huanza kutengenezwa hapo tu. Ukipima siku tano kabla ya tarehe, kipimo kinaweza kusema hapana ilhali mimba ipo, nawe utakuwa umelia bure. Na kikisema hapana, unaamini? Huamini. Ndiyo maana unapima tena kesho yake.

Fanya hivi. Mzunguko wako mrefu ni siku 32. Usipime kabla ya siku ya 33. Usiweke vipimo ndani. Siku ya 33 ikifika hujaona damu, nenda duka la dawa ukanunue kimoja, upime kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi inayofuata. Najua mkono utawasha. Ile hamu ya kupima hupanda, hufika kilele, kisha hushuka yenyewe ndani ya nusu saa hivi ukiiacha bila kuitii. Kila ukiitii inajifunza kurudi na nguvu zaidi. Kila ukiipitisha inapungua. Mwezi wa kwanza utakuwa mgumu kuliko wote, nakuambia mapema.

Mchana yape mawazo saa yake. Chagua dakika 20 baada ya swala ya alasiri, zisiwe karibu na kulala, chukua daftari la kawaida la shule, andika kila unaloliogopa bila kulipamba. "Sitazaa kabisa. Mume ataongeza mke. Wifi atanicheka." Kisha piga mstari katikati ya ukurasa unaofuata: upande mmoja yale unayoweza kuyafanyia kitu wiki hii, upande mwingine yale usiyoyaweza. Kununua foliki asidi, vile vidonge vya vitamini vya anayetafuta mimba, ni la upande wa kwanza. Wifi kuzaa kabla yako ni la upande wa pili. Dakika zikiisha funga daftari, amka, shika kazi ya mikono. Wazo likija saa nne asubuhi unakuna nazi, liambie saa yako haijafika, litakuwemo daftarini alasiri. Inasikika kama mchezo wa watoto, na wiki ya kwanza utaniona mzushi. Lakini ni mbinu tunayoitumia kwa watu wenye wasiwasi wa kila aina, na sababu ya kufaa kwake ni kwamba haikuamrishi usiwaze. Inakuchagulia saa ya kuwaza.

Usiku moyo ukienda mbio, keti, miguu chini sakafuni. Vuta pumzi puani ukihesabu mpaka nne, itoe mdomoni polepole ukihesabu mpaka sita. Siri iko kwenye kutoa, maana pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayouambia moyo upunguze mwendo. Fanya dakika tano. Ukimaliza bado uko macho, toka kitandani, keti barazani au sebuleni penye taa hafifu, rudi usingizi ukija. Kitanda kikizoea kuwa mahali pa kuhesabia siku, hakitakulaza. Dua nayo ina nafasi yake, wala sitaki uipunguze. Nabii Zakaria aliomba Mola asimwache peke yake, na aliomba akiwa mzee, akiwa na hofu. Hakuambiwa kwanza aache mawazo. Jambo moja tu ninaloliomba: usali upate utulivu, usiigeuze sala kuwa kipimo kingine, kwamba mwezi huu nimekosa kwa kuwa sikulia vya kutosha.

Piritoni za kukuletea usingizi achana nazo, na valium ya kuuziwa kichochoroni usiiguse kabisa. Kama tayari unatumia dawa ya wasiwasi au sonona uliyoandikiwa, usiikatishe ghafla kwa ajili ya mimba, zungumza na daktari aliyekuandikia.

Sasa mama mkwe. Kuishi kwa wakwe huku unatafuta mtoto ni kuishi ndani ya swali. Hata wasipouliza, unaona wanavyokutazama tumbo unapoinuka mkekani. Usibuni jibu jipya kila mara, litakuchosha. Shika sentensi moja: "Tuombeeni dua, mama." Iseme kwa tabasamu, kisha ingiza habari nyingine, bei ya dagaa, chochote. Ina adabu, ina imani, na haina mlango wa swali la pili. Kwa mawifi na mashoga wa barazani ni hiyo hiyo. Atakayeng'ang'ania, mrudishie tena neno kwa neno mpaka achoke.

Lakini kazi kubwa hapa ni ya mumeo. Yule ni mama yake. Akae naye peke yake amwambie: "Mama, tulikuwa tumepanga, tumeacha juzi juzi tu, na dawa ile huchelewa kutoka mwilini. Ukiwa na la kuuliza niulize mimi." Mnaweza kukubaliana mtaje sindano au msiitaje, hiyo ni siri yenu wawili. Ila neno "tulikuwa tumepanga" likitoka kinywani mwa mwanawe litakuondolea jina la mgonjwa siku ile ile. Mwanamke akilisema mwenyewe huonekana anajitetea.

Na wifi. Wivu unaouona si roho mbaya, na wala haumdhuru mtoto wake. Hodi ya kumjulia hali ipige, kaa robo saa, aga. Atajifungua kama mwezi wa kumi, arobaini itafuata. Amua mapema: utafika na zawadi, utasaidia kupakua pilau, utaondoka kabla ya wanawake hawajaanza kupokezana mtoto na kukuwekea wewe mapajani eti "upate baraka". Ukikimbia shughuli zote, hofu itakua na nyumba itakuwa jela. Ukijilazimisha kukaa mpaka mwisho, utalia jikoni.

Dawa ya chango usinywe, na ya kuweka ukeni usikubali kabisa. Kizazi hujisafisha chenyewe kila mwezi, hiyo damu ndiyo usafi. Vitu vya kuingiza ukeni huleta maambukizi, na maambukizi yanayopanda juu huziba mirija. Hapa kwetu Afrika mirija iliyoziba kwa maambukizi ya zamani ni miongoni mwa sababu kubwa za mwanamke kukosa mtoto, kwa hiyo dawa ya kutafutia mimba inaweza kuwa ndiyo ya kuizuia. Pokea kwa mikono miwili, shukuru, weka kabatini. Vivyo hivyo Clomid, vile vidonge vya kupevusha mayai ambavyo shoga atakuambia alinunua duka la dawa akapata mapacha. Usinywe bila vipimo. Yai lako huenda linatoka lenyewe, na kama tatizo lipo kwa mbegu za mume, vidonge hivyo vitakupa kichwa kuuma na kukupotezea miezi.

Baiskeli endesha. Kizazi hakitikiswi na barabara ya Makorora mpaka Ngamiani, ingekuwa hivyo Tanga nzima isingezaliwa. Mwendo wa wastani wa kila siku ni miongoni mwa dawa bora za wasiwasi, na kama asubuhi unaweza kufika mpaka Raskazone ukavuta hewa ya bahari, afadhali.

Kuhusu hospitali, nataka uwe na tarehe, kwa sababu hofu isiyo na tarehe haina mwisho. Kwa umri wako tunangoja mwaka mmoja wa kujaribu. Ningekuhesabia tangu mwezi wa kumi na moja mwaka jana, sindano ilipomaliza muda wake. Ukifika mwezi wa kumi na moja mwaka huu hujashika, nendeni. Aliyevuka 35 asingoje zaidi ya miezi sita, na mwenye 40 aende mara moja. Nawe usingoje tarehe hiyo kama siku zako zitaanza kuja chini ya 21 au zaidi ya 35, kama una maumivu makali ya nyonga, kama uliwahi kuugua maambukizi ya kizazi au mimba ya nje, au kama mumeo aliwahi kuvimba korodani kwa matubwitubwi au kufanyiwa upasuaji huko.

Nimesema nendeni, si nenda. Katika karibu nusu ya ndoa zinazokawia kupata mtoto, mume ana mchango, peke yake au pamoja na mke, lakini bado hapa kwetu mwanamke hupigwa picha ya mirija kabla mume hajatoa hata tone. Kipimo cha mbegu hakiumi na ni cha bei nafuu kuliko vingi vya kwako. Ajizuie siku mbili mpaka saba, atoe kwenye chupa safi ya maabara, si ndani ya kondomu, na kifike maabara ndani ya saa moja. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021, mpaka wa chini ni mbegu milioni 16 kwa kila mililita, ila cheti kimoja kibaya si hukumu. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuonekana kwenye cheti, na kipimo hurudiwa baada ya miezi kama mitatu. Kwa dereva, sigara na mirungi ya kukesha barabarani ndivyo vya kwanza kuacha, na ashuke kitini kila anapopata nafasi, korodani hazipendi joto. Kama hamwezi kustahimili mpaka Novemba, hiki kifanyeni hata mwezi huu. Kwa upande wako, anza sasa foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku. Hiyo ni kwa ajili ya uti wa mgongo wa mtoto, haileti mimba, lakini ni kitu cha kufanya, na mwenye wasiwasi anahitaji kitu cha kufanya.

Wasiwasi wenyewe nao una mahali unapovuka mstari. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi siku nyingi huli, hulali, huwezi kufanya kazi, au unapatwa na vishindo vya ghafla vya moyo na kukosa pumzi ukidhani unakufa, nenda hospitali kwa ajili hiyo peke yake. Bombo ndiyo hospitali yetu ya rufaa ya mkoa. Kwa daktari wa wagonjwa wa nje usiseme "nina presha" wala "kichwa kinauma". Sema: "Natafuta mtoto, nimepata wasiwasi mkubwa, nataka kuonana na mtu wa afya ya akili." Nimeona wanawake wakirudi na panadol kwa kutaja kichwa tu. Ukijikuta unawaza bora ufe, usingoje zamu wala mume arudi safari. Mwambie mtu aliye karibu saa hiyo hiyo, mfike hospitali siku ile ile.

Na mistari miwili ikitokea, usishangae wasiwasi ukikufuata. Wengi hudhani utaisha siku hiyo, kumbe unahama tu, sasa unaogopa kila unapokwenda chooni. Endelea na daftari, endelea na pumzi. Anza kliniki kabla ya wiki 12, usingoje tumbo lionekane kwa kuogopa macho ya watu. Tumbo likiuma sana upande mmoja, au ukiona damu, au ukizimia, nenda hospitali bila kungoja asubuhi. Matone kidogo ya damu wiki za mwanzo hutokea kwa wanawake wengi na mimba zao zikaendelea, lakini acha daktari akuambie hilo, usijiambie mwenyewe.